Nguvu ya Soya Iko Mikononi

Anayetaka kuona mwili wa binadamu ukifanya kazi na aje Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi. Mtaa wa Kongo, Msimbazi, Mkunguni, Sikukuu: kote huko mizigo inatembea juu ya watu. Kijana mmoja ameinama chini ya gunia, mwingine anasukuma toroli lililopandishwa marobota hadi yeye mwenyewe haonekani, na wote wanaomba njia kwa sauti. Jioni, baadhi yao na wenzao wa madukani huingia kwenye jimu za mitaani, ambako vyuma vya dukani vimechanganyika na vile vilivyochomelewa na fundi wa jirani au kutengenezwa kwa zege lililomwagwa ndani ya makopo. Maswali yanayoulizwa humo ni mawili: unabeba kilo ngapi, na unakula nini?

Siku hizi swali la pili hujibiwa kwa kutaja kopo. Poda ya protini, iwe ya maziwa, ya soya au ya njegere, imekuwa tamaa ya kila anayeanza kunyanyua vyuma. Sina ugomvi na kopo, na nitalizungumzia kwa heshima yake. Lakini jirani na jimu hizo kuna watu ambao hawatajwi kabisa katika mazungumzo ya misuli: akina mama na vijana wanaotengeneza unga wa soya na unga wa lishe, wakauza kwa kilo na kwa nusu kilo. Nimezoea kuwatazama kazini, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mwili wa kijana anayejenga misuli bila nyama huanza kujengwa na mikono yao, kabla yeye hajagusa chuma.

Kazi inaanza kwa macho. Soya inayoshushwa Dar es Salaam kutoka Ruvuma, Njombe, Iringa na Mbeya huja na vijiti, vijiwe na punje zilizovunjika. Fundi humimina kwenye ungo, hupepeta, kisha hutandaza na kuchambua kwa vidole. Punje anayoitaka ni ya mviringo, ya rangi ya maziwa iliyoiva kidogo kuwa njano, yenye ngozi iliyokaza. Iliyosinyaa inawekwa pembeni. Yenye ukungu inatupwa, na hapo hakuna kuhurumia hasara.

Ukali huo una sababu. Ukungu wa aina fulani huzalisha sumukuvu, na moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Soya haishambuliwi sana kama mahindi na karanga, lakini unga wa lishe mara nyingi huwa na vyote vitatu. Kwa hiyo karanga huchambuliwa kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote: iliyobadilika rangi, iliyotoboka, iliyosinyaa, yote nje. Mtu akipita haraka ataona mama ameketi tu juu ya kigoda akichezea punje. Kumbe pale ndipo usalama wa mlaji unapoamuliwa.

Jicho hilohilo humsaidia kutofautisha bidhaa. Sokoni kuna maharage ya njano ambayo wauzaji huyaita soya. Ni maharage mazuri na yana soko lake, lakini hayafanyi kazi hii. Gramu 100 za maharage makavu zina protini ya gramu 22 hivi. Gramu 100 za soya zina takriban 36, pamoja na mafuta yanayokaribia gramu 20. Wala soya si mgeni wa jana nchini. Wajerumani waliijaribu katika kituo chao cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, mwaka 1907. Imechukua muda mrefu kuingia majikoni kwetu kwa sababu ni punje inayodai mtu aijue.

Kuijua ni kujua moto na maji. Fundi huyaacha maji yachemke kwanza kwa nguvu, ndipo anapomimina soya. Haiweki kwenye maji baridi na kusubiri. Ndani ya punje kuna kimeng'enya ambacho, punje ikilowana polepole bila joto kali, huanza kuyashughulikia mafuta yake na kuleta ile harufu ya ubichi inayowafanya watu wengi waikatae soya. Maji yanayotokota hukizima mara moja. Mama aliyejifunza kwa mama yake huenda asikutajie kimeng'enya, lakini atakwambia kwamba ukianza na maji baridi uji utanuka. Wote wawili, yeye na mwanakemia, wanasema jambo moja.

Baada ya hapo ni kuchemsha kwa karibu nusu saa, akichota punje na kuzibonyeza. Ganda likiteleza na moyo wa punje ukibonyea bila kupondeka, imefika. Huu ndio wakati ambao mfanyabiashara wa haraka huuruka: hukaanga soya mbichi kidogo, husaga, hufunga mfuko. Unga wake unafanana na mwingine kwa rangi, lakini tumboni haufanani. Soya mbichi ina kizuizi kinachoufunga mkono wa tripsini, kimojawapo cha vimeng'enya ambavyo mwili hutumia kuvunjavunja protini. Mtu anakula protini, lakini sehemu kubwa inapita bila kumsaidia, na tumbo linamsumbua juu yake. Joto lenye unyevu ndilo linalokivunja kizuizi hicho vizuri. Joto kavu la muda mfupi halitoshi.

Sayansi ililiandika hili mwaka 1917, pale Thomas Osborne na Lafayette Mendel huko Connecticut, Marekani, walipoonyesha kwamba panya waliolishwa soya mbichi hawakukua ipasavyo, na waliolishwa soya iliyopikwa walikua. Kizuizi chenyewe kilitengwa na Moses Kunitz mwaka 1945.

Mwaka huohuo wa 1917 ulikuwa na somo jingine la chakula kisichoiva, na lilikuwa chungu. Kariakoo imepata jina lake kwenye kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza, baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Wapagazi wa vita ile, Vita vya Kwanza vya Dunia, walikufa kwa maelfu mengi, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Kuhara damu kulikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa, na chakula kilichangia: posho ya unga wa mahindi iliyopikwa haraka, ikaliwa haijaiva, na watu waliochoka ambao wengi wao hawakuwa wamezoea mahindi. Watu waliobebeshwa mizigo mizito kuliko wote hawakupewa muda wa kuivisha chakula chao. Ninapomwona leo mama wa Kariakoo akikataa kuiepua sufuria kabla ya wakati, naona mtu anayewatendea wabeba mizigo haki ambayo wenzao wa zamani waliikosa.

Soya ikiiva humwagiwa maji baridi na kufikichwa. Maganda huachia, huelea, humwagwa, na maji mengine huwekwa, mara tatu au nne, mpaka punje zibaki zimegawanyika mbili mbili na kung'aa. Kisha zinaanikwa. Kwa mji wenye unyevu kama Dar es Salaam hii ndiyo hatua ya roho juu. Wakati wa masika, wingu moja linaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Fundi huanika kwenye turubai safi au wavu ulioinuliwa juu ya ardhi, kwa tabaka jembamba, na hugeuza kila mara. Hapimi kwa saa. Huuma punje: ikikatika kwa mlio ni kavu, ikibonyea inarudi juani. Punje yenye unyevu ikisagwa, unga utaota ukungu ndani ya mfuko.

Kukaanga kunafuata, kwa moto mdogo, mwiko ukizunguka bila kupumzika, hadi rangi ielekee ya asali na harufu ifanane na ya karanga. Kukaanga huleta ladha na kumalizia unyevu. Kupitiliza kunaharibu, tena si ladha tu. Joto kali kupita kiasi huiunguza laisini, asidi amino ambayo ndiyo hasa tunayoifuata kwenye soya. Kwa hiyo fundi husimama kati ya makosa mawili: moto mdogo mno unaacha ubichi, moto mkali mno unachoma kilicho bora. Nimewaona mafundi wakiondoa sufuria motoni mapema kidogo kwa makusudi, kwa kuwa wanajua chuma kilichopata moto kinaendelea kukaanga hata kikiwa chini.

Mashineni nako kuna adabu yake. Soya ina mafuta, na ikimiminwa peke yake kwa wingi huziba chekeche la mashine. Wajuzi huisaga kidogo kidogo, au huitanguliza pamoja na nafaka kavu inayoisukuma. Kabla ya hapo huomba mashine isafishwe, wasije wakapokea mabaki ya mahindi ya mtu mwingine. Unga ukitoka ni wa moto. Hutandazwa upoe kabla ya kufungwa, maana ukifungwa na joto lake utatoa jasho ndani ya mfuko. Baadhi yao wamepitia mafunzo ya usindikaji ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, na wenye malengo makubwa hupeleka bidhaa zao TBS, shirika la viwango, kutafuta alama ya ubora. Wengine bado wako kwenye meza moja na mizani moja, lakini hatua hizi hawaziruki.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kuchanganya, kwa sababu inadai kujizuia. Nafaka kama mahindi, ulezi na mtama zina upungufu wa laisini. Jamii ya kunde, soya ikiwemo, ina laisini ya kutosha lakini ina upungufu wa methionini. Zikikutana, moja inaziba pengo la nyingine. Wahenga wetu hawakusubiri maabara kulifahamu hili: makande ni mahindi na maharage katika chungu kimoja, na wali kwa maharage ni chakula cha nchi nzima. Mwenye unga mzuri huweka soya kati ya robo na theluthi, sehemu iliyobaki nafaka, akaishia hapo. Anayetaka kuvutia wateja huandika orodha ya nafaka na mbegu kumi kwenye mfuko mmoja. Orodha hiyo ni mzigo. Kila punje ina muda wake wa kuiva, na katika uji mmoja moja itakuwa imeiva wakati nyingine ni mbichi. Karanga zikisagwa pamoja nazo, mafuta yake huharibika mapema na kuupa unga mzima harufu mbaya. Ndiyo maana fundi mwenye heshima hukuuzia karanga pembeni, ukazisage au kuzitia kwenye uji siku ya kula.

Sasa twende kwenye mwili. Misuli haikui wakati wa kunyanyua chuma. Chuma hutoa agizo: nyuzi za misuli zikivutwa kwa uzito zisiouzoea hupokea taarifa kwamba zinahitaji kuongezwa. Kuongezwa kwenyewe hufanyika saa na siku zinazofuata, kwa asidi amino zinazotoka kwenye chakula, na mojawapo, lusini, ndiyo inayowasha kazi hiyo. Hapa soya ina upungufu kidogo ukilinganisha na poda ya maziwa. Protini ya soya ina lusini ya takriban asilimia 8, ile ya poda ya maziwa kama 10 au 11. Jawabu lake halina siri: ongeza kipimo. Mahali ambapo gramu 23 hivi za protini ya maziwa zingetosha kwa mlo mmoja, chukua gramu 30 za protini ya soya.

Kiasi cha siku nzima nacho kimechunguzwa. Mwaka 2018 Robert Morton na wenzake walikusanya tafiti 49 zenye washiriki zaidi ya 1,800, wakaona kwamba faida ya protini kwa anayefanya mazoezi ya uzito huongezeka hadi kufikia kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na baada ya hapo nyongeza haionyeshi faida ya maana. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, waliwachukua vijana 38 wa kiume, nusu yao wasiokula kitu chochote cha mnyama na nusu wanaokula kila kitu. Kwa wiki 12 walifanya mazoezi ya miguu mara mbili kwa wiki, kila mmoja akifikishiwa gramu 1.6 kwa kilo, kundi moja kwa nyongeza ya poda ya soya na jingine kwa poda ya maziwa. Misuli na nguvu viliongezeka kwa makundi yote mawili bila tofauti ya maana.

Kijana wa kilo 70 anahitaji, basi, gramu 112 kwa siku. Tuzitafute Kariakoo. Asubuhi, uji wa gramu 40 za unga wa soya na gramu 60 za ulezi: protini 18. Mchana kwa mama lishe, wali wa gramu 150 za mchele na maharage ya gramu 120, vyote vikipimwa vikavu: 36. Usiku, ugali wa dona wa gramu 200 na choroko gramu 100: 41. Karanga gramu 70 mkononi wakati wa kazi: 18. Jumla ni 113. Hakuna kopo humo. Kuna mambo mawili ya kukiri: vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, hivyo asiyekula kabisa samaki, mayai, maziwa wala nyama lazima aitafute kwa njia nyingine, na mwenye maradhi ya figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari.

Kwenye hesabu hiyo mama lishe anabeba karibu theluthi. Naye ni wa ukoo mmoja wa ufundi. Maharage yake yalilowekwa usiku, maji ya kulowekea yakamwagwa pamoja na sehemu ya vile vinavyojaza gesi tumboni, yakachemshwa kwa nguvu kwanza na kisha yakaachwa kwenye mkaa mdogo. Maharage, hasa mekundu, yakiliwa hayajaiva yana sumu inayoweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Anajua pia kwamba magadi yakizidi yatalainisha haraka lakini yatapoteza vitamini na kuharibu ladha. Nazi inaingia mwishoni.

Kopo nalo ni kazi ya mikono yenye akili. Soya iliyokamuliwa mafuta huyeyushwa kwenye maji yenye alkali, protini hugandishwa kwa asidi, huoshwa, hukaushwa kwa hewa ya moto, na kinachobaki ni poda yenye protini ya asilimia 90 au zaidi. Miongoni mwa walioanzisha uzalishaji huo kwa kiwango cha kiwanda ni Percy Julian, mwanakemia Mmarekani Mweusi aliyeanza kazi katika kampuni ya Glidden mjini Chicago mwaka 1936. Mwanzoni protini ile ilitumika kupaka karatasi, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikatengenezea povu la kuzimia moto. Anayekosa muda wa kupika, au anayeshindwa kumaliza sahani tatu kubwa kwa siku, poda itamfaa. Ninachokataa ni kuamini kwamba nguvu huanzia kwenye kopo. Kiwanda na mama wa Kariakoo wanafanya jambo lilelile: kuondoa kinachozuia na kubakiza kinachojenga.

Ujuzi wa mikono ya Kariakoo hauteketei. Usiku wa 10 Julai 2021 moto uliliteketeza soko kuu la Kariakoo, jengo lililobuniwa na Beda Amuli, na wafanyabiashara wengi wakahamishiwa kwingine. Walipoteza mizani, magunia na mitaji. Hawakupoteza ujuzi, kwa kuwa ulikuwa vidoleni, nao ndio uliowarudisha kazini.

Kwako unayenyanyua vyuma: kabla hujatoa fedha ya kopo, tafuta muuza unga na umwulize maswali manne. Soya hii ilichemshwa, au ilikaangwa tu? Maganda yalitolewa? Umesagwa lini? Karanga zimo? Anayeijua kazi atakujibu bila kusita, tena atakueleza usichouliza. Anayesita mwache. Ukimpata wa kwanza usimkabe bei, na uwaambie wenzako jimuni anapokaa. Ule unga ni siku kadhaa za jua, moto na macho yasiyochoka, na bei anayokutajia ni haki yake.